Elizabeth Kenny, muuguzi aliyewatoa watoto wa polio ndani ya plasta

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtoto akishikwa na polio, waganga wengi wa Ulaya, Marekani na Australia walikuwa na jibu moja: asitikisike. Miguu yake ilifungwa kwenye mbao au kuwekwa plasta kwa majuma, hata miezi. Walihofia kwamba misuli yenye nguvu ingevuta ile dhaifu na kupindisha viungo. Mwanamke mmoja kutoka mashambani mwa Australia alipinga jambo hilo, na ugomvi wake na waganga ukadumu maisha yake yote.

Elizabeth Kenny alizaliwa tarehe 20 Septemba 1880 huko Warialda, New South Wales. Hakupitia shule rasmi ya uuguzi. Kazi aliijifunza kwa kuifanya, akihudumia familia za wakulima karibu na kijiji cha Nobby, katika jimbo la Queensland.

Kwa masimulizi yake mwenyewe, mwaka 1911 aliitwa kwa mtoto wa kike aliyekuwa akilia kwa maumivu, miguu imekakamaa. Alimtumia daktari Aeneas McDonnell telegramu, naye akamjibu kwamba hiyo ni polio, dawa haijulikani, afanye awezavyo. Kenny akachana blanketi la sufu, akalitia katika maji ya moto, akalikamua sana ili lisimuunguze mtoto, kisha akamfunga nalo. Maumivu yalipotulia, alianza kuzungusha viungo vyake polepole.

Wakati wa vita vya kwanza vya dunia alihudumia askari majeruhi katika meli, ndipo akapata cheo cha Sister. Tusichanganye: hakuwa mtawa. Katika jeshi, hicho kilikuwa cheo cha muuguzi.

Katika miaka ya 1930 alifungua kliniki mjini Townsville, kwa msaada wa serikali ya Queensland. Hapo walikuja watoto wa polio, na pia wale waliokakamaa viungo kwa sababu ubongo uliumia. Kazi ilikuwa ya kila siku: vitambaa vya moto, kunyoosha viungo, kisha kumfundisha mtoto kuelekeza akili yake kwenye msuli mmoja hadi uitike. Leo hospitali zetu zinaita kazi ya namna hiyo kineziterapi.

Lakini mwaka 1938 tume ya waganga iliyoundwa na serikali hiyohiyo ilitoa ripoti iliyoilaani njia yake. Mwaka 1940, akikaribia umri wa miaka 60, alivuka bahari kwenda Marekani. Milango mingi ilifungwa mbele yake, hadi alipofika Minneapolis. Huko waganga wachache walikubali kumpa wagonjwa na kutazama kwa macho yao. Desemba 1942, taasisi yenye jina lake ilifunguliwa katika mji huo. Kati ya watoto waliotibiwa kwa njia yake ni Alan Alda, ambaye baadaye akawa mwigizaji maarufu. Mwaka 1946 maisha ya Kenny yalitengenezewa filamu.

Hata hivyo, si kila alichosema kilikuwa kweli. Alidai kwamba tatizo kubwa la polio liko kwenye misuli, kumbe kirusi kinaua chembe za neva zinazoamuru misuli. Neva iliyokufa haifufuki kwa kitambaa cha moto. Tena hakupenda kupingwa, na ukali wake ulimletea maadui ambao angeweza kuwaepuka. Alishinda upande wa mikono: hospitali nyingi ziliacha kuwafunga watoto na kuanza kuwafanyisha mazoezi mapema.

Kenny alirudi Australia akiwa mgonjwa, akafariki huko Toowoomba tarehe 30 Novemba 1952. Alizikwa Nobby. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1955, chanjo ya Jonas Salk ilitangazwa kuwa inafanya kazi.

Kwetu Congo polio bado haijawa historia. Matone mawili ya chanjo mdomoni ndiyo yanamkinga mtoto, maana kupooza kwenyewe hakuna dawa. Lakini kwa mzazi ambaye mtoto wake tayari amepooza, maisha ya Kenny yanaacha neno moja: usimfiche nyumbani, usimwache alale tu. Mpeleke kwa wenye ujuzi wa mazoezi mapema, na nyumbani endelea nayo kila siku.