Khalid bin al-Walid, jemadari aliyevuliwa uongozi

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu Muislamu, Ijumaa hii tunakuletea maisha ya Khalid bin al-Walid (r.a.). Jina unalijua, pengine mtoto wako anaitwa hivyo. Watu wakimtaja husimulia upanga wake. Sisi tunataka uangalie zaidi siku aliyovuliwa uongozi.

Alizaliwa Makka katika Banu Makhzum, ukoo mkubwa wa Makuraishi. Baba yake, al-Walid bin al-Mughira, alikuwa tajiri na mpinzani mkali wa Mtume (s.a.w.). Khalid naye alipigana na Waislamu. Katika Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra (625), wapiga mishale waliacha kilima walichoamriwa wasikiache. Khalid akaona nafasi, akazunguka na farasi wake, akawapiga Waislamu kwa nyuma. Basi yeye alijua mapema, tena kwa macho yake, jeshi lisilotii amri linapata nini.

Alisilimu mwaka wa 8 (629), akafika Madina pamoja na Amr bin al-As na Uthman bin Talha. Mwaka huo huo akatoka kwenda Muta, askari kama wengine, katika jeshi la watu 3,000. Majemadari watatu waliowekwa na Mtume, yaani Zayd bin Haritha, Jaafar bin Abi Talib na Abdullah bin Rawaha, wakauawa mmoja baada ya mwingine. Watu wakampa Khalid bendera. Panga tisa zilivunjika mkononi mwake siku ile, na akawarudisha wenzake Madina. Ndipo akaitwa Upanga wa Mwenyezi Mungu.

Lakini usidhani hakukosea. Baada ya kufunguliwa Makka alitumwa kwa Banu Jadhima, akaua watu waliokwisha kuweka silaha chini. Mtume aliinua mikono akajitenga na kitendo kile mbele ya Allah, kisha akamtuma Ali kulipa dia. Ali alilipa damu na mali, hata chombo cha mbwa cha kunywea maji. Wewe uliyeona vita katika nchi hii, jiulize ni nani aliyelipwa hivyo.

Wakati wa Abu Bakr (r.a.) alimshinda Musaylima mwongo huko Yamama, akaingia Iraq kupigana na Wafursi, halafu mwaka wa 13 (634) akavuka jangwa kavu na jeshi lake mpaka Sham. Mambo hayo yangejaza karatasi nyingi.

Mwaka huo Abu Bakr akafariki. Umar (r.a.) aliposhika ukhalifa, akamweka Abu Ubayda juu ya Khalid. Mtu aliyezoea kuamuru sasa aamriwe! Khalid akabaki jeshini. Huko Yarmuk, mwaka wa 15 (636), Warumi walivunjwa, na ushindi ule ulikuwa na mkono wake mkubwa, ijapokuwa amiri alikuwa Abu Ubayda.

Kisha mwaka wa 17 (638) ikasikika kwamba Khalid amempa al-Ash'ath bin Qays dirhamu 10,000. Umar akaagiza aulizwe mbele ya watu: mali hiyo ni ya nani? Bilal akamfunga kwa kilemba chake mwenyewe. Khalid akajibu kwamba ni mali yake. Akafunguliwa, lakini kazi ikaondolewa kabisa.

Iliwauma wengi. Khalid mwenyewe alikwenda Madina akamwambia Umar usoni kwamba hakumtendea haki. Hakuficha uchungu wake. Lakini hakuchukua askari hata mmoja aende naye porini, na watu wale walikuwa wakimpenda. Mtu mmoja alipomtajia fitna, alikataa kwamba itatokea Umar akiwa hai. Umar naye aliandika katika miji kwamba hakumwondoa kwa chuki wala kwa khiyana, ila watu walianza kumtegemea Khalid wakasahau kwamba ushindi unatoka kwa Allah.

Alifariki Hims mwaka wa 21 (642), kitandani. Alisikitika kwamba mwili wake ulijaa makovu ya mikuki na mishale na bado anakufa kama ngamia. Walipohesabu mali yake wakakuta farasi, silaha na mtumishi mmoja. Habari ilipofika Madina, Umar alikiri kwamba Khalid alikuwa tofauti na walivyomdhania, na wanawake wa Banu Makhzum walipolia, hakuwakataza.