Shaaban Robert na Wasomaji wa Mbali na Pwani

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Baada ya shule ya Msimbazi, Dar es Salaam, alianza mwaka 1926 kazi ya ukarani katika idara ya forodha. Hakuwa na mchapishaji. Alichokuwa nacho ni Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanzishwa mwaka 1923 na kusambazwa Tanganyika nzima, ambalo lilipokea mashairi ya wasomaji wake. Humo jina lake lilizoeleka kabla hajawa na kitabu hata kimoja.

Gazeti lilifika asikofika mtungaji. Katika wilaya ya Mbulu, ambayo zamani hizo ilijumuisha Hanang, Wairaqw husema lugha ya Kikushi na Wadatoga lugha ya Kiniloti. Kwa wengi wao Kiswahili kilikuwa lugha ya darasani na ya ofisini. Malenga aliyetungia sikio la jirani yake wa pwani asingeeleweka huko kwa urahisi. Shaaban Robert alichagua njia nyingine, na hapo ndipo penye ustadi wake. Kusadikika (1951) ni jina la nchi inayoelea angani, lakini kwa umbo ni kitenzi-jina: ku- ya mwanzo, mzizi -sadik-, na -ik- ya kutendeka. Mwanafunzi wa Mbulu aliyekwisha kufunzwa kauli hiyo aliweza kulifumbua jina pasipo kuwahi kuiona bahari. Utubora, yaani utu ulio bora, ni mwepesi zaidi.

Wasomaji aliwapata, riziki haikufuatana nao. Aliendelea kuajiriwa serikalini, huku miswada yake ikisafiri mbali: Pambo la Lugha lilichapwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, na Adili na Nduguze (1952) ikatolewa na Macmillan, London. Mwishowe alijianzishia mwenyewe uchapishaji mjini Tanga, uliotoa Almasi za Afrika mwaka 1960. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri kwa karani, na wa kuchelewa.

Alifariki Tanga mwezi Juni 1962, sehemu kubwa ya kazi zake ikiwa bado miswada. Utenzi wa Vita vya Uhuru ulitoka mwaka 1967, Utubora Mkulima mwaka 1968. Shule zikavipokea vitabu vyake, bara na pwani.