Mary Ainsworth: Mtafiti aliyejifunza malezi kwa akina mama wa Uganda

Huenda mama mkwe au jirani amewahi kukuambia kwamba ukimnyanyua mtoto kila anapolia, utamdekeza. Kesho yake unatakiwa kwenda shambani kwenye mpunga, mtoto abaki na bibi yake, nawe njiani unajiuliza: je, akinikosa siku nzima ataniona mgeni?

Kama unaishi Ipinda, Matema au kwingineko Kyela, maswali haya unayajua. Mwanamke mmoja aliyatafutia majibu kwa maisha yake yote, na majibu ya kwanza aliyapata hapa hapa Afrika Mashariki. Jina lake ni Mary Ainsworth.

Alikuwa nani?

Mary alizaliwa tarehe 1 Desemba 1913 huko Ohio, Marekani, mtoto wa kwanza kati ya mabinti watatu. Alikuwa bado mdogo familia yake ilipohamia Toronto, Kanada. Nyumbani alikuwa karibu zaidi na baba yake kuliko mama yake. Akiwa na miaka 15 alisoma kitabu cha saikolojia, yaani elimu ya akili na tabia, akaamua kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1939 katika Chuo Kikuu cha Toronto. Mwalimu wake pale alifundisha kwamba mtoto huthubutu kujifunza mambo mapya pale anapokuwa na uhakika na wazazi wake.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alijiunga na jeshi la wanawake la Kanada, akafikia cheo cha meja. Mwaka 1950 aliolewa, akahamia London na mume wake. Huko alifanya kazi na daktari John Bowlby, aliyekuwa akichunguza kinachompata mtoto mdogo anapotenganishwa na mama yake.

Siku hizo wataalamu wengi waliamini kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu tu mama humpa chakula. Bowlby alikuwa ameanza kuona kwamba sivyo. Ainsworth mwenyewe hakushawishika mara moja.

Safari ya Uganda

Mwaka 1954 mume wake alipata kazi Kampala, Mary akamfuata. Akaanza kutembelea vijiji vya karibu na mji huo. Alichagua familia 26 zilizokuwa na watoto wachanga 28 ambao bado walikuwa wakinyonya. Alizitembelea kila baada ya wiki mbili, kwa miezi kadhaa, akiwa na mkalimani. Hakuwa na maabara. Alikaa na akina mama nyumbani kwao, akaongea nao na kuwatazama watoto.

Mwanzoni alitaka kujua kuhusu kuachisha ziwa. Alikuwa ameambiwa kwamba ni desturi mtoto kupelekwa kwa bibi ili asahau ziwa. Alikuta kwamba familia nyingi hazikuwa zikifanya hivyo tena, kwa hiyo akaacha swali lake na kuanza kutazama kilichokuwa mbele ya macho yake.

Aliona nini?

Kwanza, aliona kwamba mtoto anayemwamini mama yake hashindi amemng'ang'ania. Hutambaa mbali naye, hushika vitu, huwachungulia wageni, kisha hurudi kumgusa mama na kuondoka tena. Mama ni kama ufuko kwa mvuvi: mvuvi huenda mbali ziwani kwa sababu anajua pa kurudi.

Pili, aliona kwamba watoto wa namna hiyo, ambao walikuwa zaidi ya nusu, hawakulia sana. Mama zao waliwajua vizuri. Ukimwuliza mama kama huyo habari za mwanawe, angekueleza kwa undani anapenda nini, anaogopa nini na analia vipi akiwa na njaa. Watoto wengine walilia mara nyingi, hata wakiwa wamebebwa.

Tatu, aliona kwamba mtoto hampendi mtu mmoja tu. Wapo waliowapenda pia baba, bibi, au dada mkubwa.

Kwa nini jambo hili linahusu akili?

Mtoto mchanga hawezi kusema, lakini anajifunza kila siku. Kila anapolia na mtu akaja, akili yake huweka kumbukumbu: nikiita, naitikiwa. Polepole hujenga picha ya dunia kichwani mwake, na picha hiyo humwongoza anapokutana na watu na mambo mapya. Mtoto mwenye hofu hutumia nguvu zake kumtafuta mlezi. Mtoto mwenye uhakika huzitumia kuchezea kifuniko cha sufuria, kutazama kuku na kujaribu maneno, na huko ndiko kujifunza.

Baada ya Uganda

Ainsworth aliondoka Uganda mwaka 1955 na kwenda Baltimore, Marekani. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1960. Hata hivyo aliendelea na kazi, akafuatilia familia nyingine 26 za huko. Aligundua kwamba watoto walioitikiwa haraka walipolia katika miezi ya mwanzo ndio waliolia kidogo zaidi walipokaribia kutimiza mwaka. Kwa maneno mengine, kumwitikia mtoto mchanga hakukumfanya awe msumbufu. Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967.

Mafunzo yake na ya Bowlby yameingia katika fani nyingi. Hospitali za Uingereza, ambazo zamani ziliwazuia wazazi kukaa na watoto wao, zilibadilika. Maofisa wa ustawi wa jamii huyatumia wanapomtafutia yatima pa kulelewa. Walimu wa vituo vya kulelea watoto huyatumia wanapompokea mtoto siku ya kwanza.

Wapo pia waliomkosoa. Walisema vipimo alivyovitumia Marekani haviwafai watoto wa kila mahali, hasa wale wanaolelewa na watu wengi. Hoja hiyo ina uzito, na wewe unayelea pamoja na mama mkwe, wifi na majirani unaielewa.

Ainsworth alifariki tarehe 21 Machi 1999, akiwa na miaka 85. Hakuwahi kupata mtoto wake mwenyewe.

Wewe ufanye nini?

- Mtoto mchanga akilia, mwitikie. Mnyanyue, mnyonyeshe au mbembeleze. Humdekezi.
- Ongea naye unapomwogesha, unapopika na unapomfunga mgongoni. Akitoa sauti, mjibu.
- Ukienda shambani au sokoni, mwache na mtu anayemjua, na iwe mtu yule yule kila inapowezekana. Muage, usitoroke. Ukirudi, mpokee kwanza kabla ya kushika kazi nyingine. Hatakusahau.
- Mnyonyeshe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha endelea kumnyonyesha pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Ukimwachisha, mwachishe polepole. Ziwa likiondoka, wewe ubaki karibu.
- Akilazwa, kwa malaria au ugonjwa mwingine, yeye au bibi yake akae naye yule anayemzoea zaidi. Uwepo wenu ni sehemu ya matibabu.
- Kama wewe ni bibi, baba, shangazi au dada unayelea, haya yote yanakuhusu. Mtoto humwamini anayemwitikia.

Zipo siku utachoka na kushindwa kumwitikia. Mtoto haharibiki kwa siku moja. Lakini ukijiona una huzuni kwa zaidi ya wiki mbili, au huna hamu na mtoto wako, mwambie mhudumu wa afya. Nenda pia kliniki kama mtoto amefikisha miezi 3 na hatabasamu, hakutazami usoni, au hashtuki kwa sauti kubwa. Usisubiri tarehe ya chanjo.