Tarumbeta la Louis Armstrong katika Katanga ya Tshombe

Mwezi wa Novemba 1960 Louis Armstrong alipiga tarumbeta Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Sisi watu wa Kolwezi tunahusika na safari ile, kwani shaba na kobalti zilizochimbwa kwetu ni sehemu ya mali iliyoiweka madarakani serikali iliyompokea. Maisha yake husimuliwa zaidi kama maisha ya mtu wa vicheko. Mimi nayasoma kama maisha ya mtu ambaye siasa ilimfuata kila alikokwenda.

Alizaliwa New Orleans tarehe 4 Agosti 1901, katika mtaa wa maskini. Baba yake aliondoka mapema, mama akabaki na mzigo wa ulezi. Usiku wa kuamkia mwaka 1913 mtoto alifyatua bastola hewani barabarani, akakamatwa na kupelekwa kwenye nyumba ya kurekebisha watoto. Huko alifundishwa korneti. Mwaka 1922 King Oliver alimwita Chicago, na kuanzia 1925 akarekodi na kundi lake la Hot Five. Katika rekodi zile mpigaji mmoja anatoka mbele ya wenzake na kusema lake. Jazi iliyofuata ilijengwa juu ya hapo.

Kufikia miaka ya 1950 vijana weusi wengi wa Marekani walikuwa wakimbeza. Waliona leso, meno na tabasamu, wakamhesabu kuwa mchekeshaji wa wazungu. Septemba 1957 aliwashangaza. Huko Little Rock, gavana Orval Faubus alituma askari kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie shuleni. Armstrong alimweleza mwandishi wa habari, waziwazi na kwa matusi, anavyomwona gavana na hata Rais Eisenhower, kisha akakataa kwenda Urusi kwa niaba ya serikali yake. Msanii aliyekuwa na mengi ya kupoteza alisema yale ambayo wengi waliyanong'ona tu.

Ndiyo maana safari ya 1960 inanisumbua. Iliandaliwa na wizara ya mambo ya nje ya Marekani, na kampuni ya Pepsi-Cola ikachangia. Tarehe 28 Oktoba watu wa Léopoldville walimbeba juu kwenye kiti, kama mfalme. Katika mji huohuo Patrice Lumumba, waziri mkuu aliyeondolewa madarakani, alikuwa amefungiwa nyumbani, askari wamemzunguka.

Kisha akaja Katanga. Moïse Tshombe alikuwa ameitenga na Kongo tarehe 11 Julai, akisaidiwa na Wabelgiji na Union Minière. Marekani haikuitambua Katanga rasmi, kwa hiyo balozi wake asingeweza kumtembelea Tshombe bila kuzua maswali. Mpiga tarumbeta aliweza, na watu wa ubalozi wakapata sababu ya kufuatana naye. Mwanahistoria Susan Williams ameeleza kwamba Larry Devlin, aliyekula chakula cha jioni na Armstrong kama ofisa wa kawaida wa ubalozi, alikuwa mkuu wa CIA nchini. Mgeni hakujua.

Baadaye Armstrong alipenda kusimulia kwamba muziki wake ulisimamisha vita. Ni hadithi tamu, lakini kaskazini mwa Katanga Wabaluba waliendelea kuuawa. Tarehe 17 Januari 1961, miezi miwili hivi baada ya tamasha, Lumumba aliletwa Elisabethville kwa ndege, na usiku uleule akauawa nje ya mji.

Tarehe 15 Februari Abbey Lincoln na Max Roach, wanajazi wote wawili, walikuwa miongoni mwa waandamanaji walioingia Baraza la Usalama huko New York na kuvuruga kikao kwa ajili ya Lumumba. Wao walikuwa hawajaikanyaga Katanga. Aliyeikanyaga ni Armstrong, ambaye alipokewa na wakubwa na kuonyeshwa walichotaka akione. Filamu ya Johan Grimonprez ya 2024 imewaweka wote hawa kwenye meza moja, na wenzangu walioiona wametoka wakibishana: je, alitumiwa, au alijiachia atumiwe? Mimi nasema alitumiwa. Ila mtu wa 1957 alijua kuuliza maswali, na huku hakuuliza.

Mwaka 1961 alirekodi na Dave Brubeck muziki wa kuikejeli serikali inayotuma wasanii weusi ng'ambo wakati nyumbani wanabaguliwa. Tshombe naye alijificha Kolwezi siku za mwisho za utawala wake, Januari 1963, akatangaza hapa kwamba utengano umekwisha.

Armstrong alifariki New York tarehe 6 Julai 1971. Nyumba yake ya Corona, Queens, sasa ni makumbusho, na kanda za sauti alizojirekodia mwenyewe kwa miaka mingi, mamia kwa mamia, zimehifadhiwa. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayetafuta mada ya tasnifu angepata kazi ya kutosha huko, akianza na mazungumzo ya safarini.