Heinz London: Mkimbizi aliyefichua ukinzani uliojificha ndani ya baridi

HEINZ London alizaliwa Novemba 7, 1907 mjini Bonn, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, profesa wa hisabati, alifariki dunia Heinz akiwa bado mtoto. Kaka yake Fritz, aliyemzidi miaka saba, alimtangulia katika fizikia.

Tangu mwaka 1911 ilijulikana kuwa baadhi ya metali, zikipozwa hadi takriban nyuzi 270 chini ya sifuri, hupitisha umeme bila ukinzani. Heinz, akisomea uzamivu mjini Breslau, alitaka kujua iwapo hali hiyo hudumu pale mkondo unapogeuka mwelekeo mamilioni ya mara kwa sekunde. Majaribio yake ya kwanza hayakuonyesha upotevu wowote wa nishati.

Hitler alitwaa madaraka mwaka 1933, na Wayahudi wakaanza kufukuzwa vyuoni. London alikimbilia Oxford, Uingereza. Huko, mwaka 1935, yeye na Fritz walitoa milinganyo iliyoonyesha kuwa sumaku hupenya metali hizo katika ngozi nyembamba tu ya juu.

Baadaye, akiwa Bristol, alilirudia swali lake kwa mawimbi yenye kasi kubwa zaidi. Aliliweka bati lililopozwa ndani ya mawimbi ya redio, akapima joto lililozalishwa. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1940 yalionyesha kuwa ukinzani hautoweki ghafla, bali hupungua kidogo kidogo baridi inavyozidi. Sababu ni kwamba elektroni za kawaida zilizosalia hutikiswa na mawimbi hayo, nazo huzalisha joto.

Mwaka huohuo Uingereza ilimweka kizuizini kama raia wa nchi adui. Aliachiwa ili autumikie mradi wa siri wa bomu la atomiki, akitafuta njia za kutenganisha aina za urani. Alipata uraia mwaka 1942, na akafariki dunia Agosti 3, 1970.

Swali lake bado linaishi. Katika maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, chembe huongezwa kasi ndani ya vyombo vya shaba vilivyopakwa utando mwembamba wa niobi. Wahandisi hupima ukinzani wa utando huo, ambao huhesabiwa kwa sehemu za bilioni za omu. Kiasi hicho ni kidogo mno, lakini ukiongezeka, joto nalo huongezeka, na mitambo ya kupoza hudai umeme mwingi zaidi kuliondoa.