Louis Armstrong Alifundishwa

Kila nikisikia mtu hapa chuoni anasema kipaji hakifundishwi, namtajia Louis Armstrong. Wengi tunamjua kwa picha: jamaa wa tarumbeta, kitambaa cheupe mkononi, sauti ya kukwaruza. Tunadhani alizaliwa anapuliza. Wapi!

Alizaliwa New Orleans, Marekani, tarehe 4 Agosti 1901, kwenye mtaa maskini wenye sifa mbaya. Baba aliondoka mapema, mama akahangaika na vibarua, na mtoto akaacha shule akiwa hajamaliza hata elimu ya msingi. Mkesha wa mwaka mpya, 31 Desemba 1912, alifyatua bastola hewani barabarani kushangilia. Polisi wakamdaka. Akiwa na miaka 11 tu, akafungiwa Colored Waif's Home, nyumba ya watoto weusi walioitwa watukutu.

Huko alimkuta Peter Davis, mwalimu wa bendi. Mwanzoni Davis hakumtaka kabisa. Alijua mtaa aliotoka, akamhesabu mhuni. Wenzake wakipiga, Louis anatazama tu. Baadaye mwalimu akabadili mawazo, akampa tari. Dogo akaweza. Akapewa buruji, mwisho koneti, na kisha uongozi wa bendi nzima. Bendi ilipopita mtaani kwao, majirani walimwona yule wa bastola yuko mbele.

Alitoka mwaka 1914, lakini masomo hayakuisha. Joe Oliver, mpiga koneti maarufu, alimfundisha, naye akalipa kwa kutumwatumwa na mke wa Oliver. Kwenye bendi ya Fate Marable, iliyopiga melini katika mto Mississippi, akanolewa kusoma nota. Mwaka 1922 Oliver akamwita Chicago. Huko Lil Hardin, mpiga piano wa bendi aliyefunga naye ndoa mwaka 1924, akamsukuma atoke kwenye kivuli cha Oliver.

Mwaka 1925 alianza kurekodi na kundi lake, Hot Five. Jazi ya New Orleans ilikuwa zaidi ya kupiga kwa pamoja; kwenye santuri zile mpigaji mmoja anasimama na kusimulia peke yake, wengine wanamfuata. Mwaka 1937 akaongoza kipindi cha redio kilichosikika Marekani nzima, katika nchi ambayo hoteli nyingi zisingempa chumba kwa sababu ya rangi yake.

Sisemi kufungwa kulimfaa. Kumfungia mtoto kwa kelele za sikukuu ni uonevu, na watoto wa kizungu waliofyatua usiku kama ule hawakuwa na hofu hiyohiyo. Ninachosema ni kwamba ndani ya uonevu ule alikuwepo mwalimu aliyekubali kuifuta hukumu yake mwenyewe.

Sisi wa ualimu tunajua ilivyo. Ukifika shule ya mazoezi, hata hujaonyeshwa darasa, ofisini unapewa majina: huyu mtoro, yule sugu, usipoteze chaki. Tunayabeba majina yale mpaka darasani, na mtoto anayasoma usoni mwetu kabla hatujaandika tarehe ubaoni.

Davis naye alianza hivyohivyo. Angeng'ang'ania maoni yake ya wiki ya kwanza, leo nisingekuwa na mtu wa kumwandika.