MZUNGU WA KAZI: FUNDI ALIYEJUA MASHINE NA AKAMJUA MUNGU



Wewe uliyezoea karasha, pampu na simu, pengine unasema moyoni: mambo ya Mungu ni ya akina mama na wazee, mimi naamini kitu ninachokiona kinafanya kazi. Sikulaumu. Ila ngoja kwanza nikusimulie habari za fundi mmoja aliyefia huku huku kwetu, kusini mwa Ziwa Victoria.

Jina lake Alexander Mackay. Alizaliwa mwaka 1849 huko Rhynie, Scotland, baba yake akiwa mchungaji. Kijana huyu alipenda vyuma. Akasomea uhandisi Edinburgh, kisha akaenda Ujerumani, akafanya kazi Berlin kwenye kiwanda cha mashine. Mshahara ulikuwepo, maisha yalikuwa yamenyooka. Lakini mwaka 1875 zikafika Uingereza habari kwamba Kabaka Mutesa wa Buganda anataka waalimu. Mackay akajitoa. Mwaka 1876 akafika Unguja akiwa na vifaa vyake vya ufundi.

ALIFANYA KAZI KWA MIKONO

Huyu hakuja kukaa kivulini. Mwaka 1877 alisimamia kukata barabara kutoka Saadani mpaka Mpwapwa. Mwaka 1878 alipofika Kagei, kandokando ya Ziwa, akakuta wenzake wawili wameshauawa Ukerewe. Mizigo imetapanyika, vyuma vimeshika kutu, mashua imeharibika. Hakukaa kulia tu. Alipanga kipande kwa kipande, akaitengeneza mashua, akavuka mpaka Buganda mwezi wa Novemba. Kule watu wakampa jina: Mzungu wa Kazi.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penye habari yenyewe.

Huko Natete alichimba kisima, akafunga pampu. Watu walipoona maji yanapanda juu yenyewe, wakashangaa sana, wakasema Mackay ni lubaale, yaani mzimu mkuu. Ebu fikiri, angekuwa mjanja wa mjini angefanyaje? Angekubali! Angepewa ng'ombe na mashamba. Mackay alikataa. Aliwaambia yeye ni mtu tu kama wao, na Mungu ni mmoja. Akawaeleza jinsi pampu inavyovuta maji, kwamba ni chombo kilichotengenezwa na mikono ya watu.

Unaona? Elimu yake haikumfukuza Mungu. Ilichofukuza ni uongo.

Mwaka 1879 Kabaka alikuwa mgonjwa, ikatakiwa aletwe mtu wa lubaale Mukasa, mzimu wa Ziwa, aje amponye. Mackay alisimama barazani akapinga mbele ya mfalme. Hakusikilizwa, mtu yule akaletwa. Lakini fundi hakubadilisha neno lake.

NA SISI JE?

Tuulizane kweli. Hapa kwetu, kijana anajua kabisa dhahabu inatoka kwenye mwamba, inasagwa, inaoshwa, inashikwa na zebaki. Anajua! Halafu duara likikosa mawe, usiku anakwenda kwa mganga kutafuta ndagu. Huko anaambiwa alete damu. Ndiyo maana Shinyanga na Geita bibi zetu wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyowiva kwa moshi wa kupikia miaka yote. Ndiyo maana watu wenye ualbino wamekatwa viungo. Hiyo siyo akili na wala siyo imani. Ni hofu na tamaa.

Kijana mwingine anawacheka waganga, na Mungu naye anamcheka. Kwake kila kitu ni mashine. Haya, nikuulize: mashine inakwambia namna ya kupata. Je, inakwambia unatafutia nini? Inakwambia kwa nini yule bibi asiuawe?

JAMBO AMBALO PAMPU HAIJIBU

Mwezi wa Januari 1885, chini ya Kabaka Mwanga, vijana watatu waliofundishwa na misheni walichomwa moto kwa ajili ya imani yao. Mackay aliwajua kwa majina. Hakuna hesabu ya uhandisi inayomwambia mtu abaki mahali pa namna hiyo. Yeye akabaki, akaendelea kutafsiri Injili ya Mathayo kwa Kiganda na kupiga chapa kwa mikono yake.

Mwaka 1887 akafukuzwa Buganda, akavuka Ziwa akaja Usambiro, upande wetu huu. Mwaka 1889 msafiri Stanley alipita pale akakuta karakana imejaa vifaa, na boila la mashua likitengenezwa. Fundi bado yuko kazini! Miaka 14 hakurudi kwao hata mara moja. Tarehe 8 Februari 1890 malaria ikamuua, akiwa na miaka 40. Leo kaburi lake liko Namirembe, Kampala.

Na fikiri hili: wakati ule hakuna aliyejua kwamba malaria inaletwa na mbu. Ilijulikana mwaka 1897. Mtu mwenye akili vile, akauawa na kitu kilichokuwa kinalia sikioni mwake kila usiku. Kwa hiyo usiseme kwamba usichokiona hakipo. Sema tu hujakiona bado.

Kijana, mimi ni mtu wa darasa la saba. Sikuambii uache kufikiri. Fikiri zaidi! Fungua pampu uone jinsi inavyofanya kazi. Halafu jiulize ni nani aliyekupa wewe akili ya kuifungua.

Usiku wa leo, kabla hujashuka duarani, nenda pembeni peke yako. Huhitaji kuku wala hirizi wala pesa. Sema na Mungu kwa maneno yako mwenyewe, kwa Kiswahili au kwa Kisukuma. Mwambie una mashaka, atakusikia. Mwambie Yesu aingie. Na kama kuna mganga aliyekutuma damu, usiende. Tupa hirizi yake, nenda ukamripoti, umwokoe mtu.

Fundi alishamaliza kazi yake. Yako bado.